Bagamoyo kwa Njia ya Wapagazi

Wageni wengi huingia Bagamoyo wakitokea Dar es Salaam. Hupita Tegeta, Bunju na Mapinga, na wakifika huelekezwa ufukweni, kwenye magofu ya forodha na soko la samaki. Jioni hurudi walikotoka wakiwa wameujua mji kwa upande mmoja tu, ule unaotazama Unguja. Naomba leo tuuingie kwa upande wa bara, tukianzia Vigwaza, kwa sababu watu walioupa mji ule utajiri na majengo yake walitokea huku.

Vigwaza ya leo ni ya malori. Ipo kwenye barabara kuu ya Morogoro, jirani na Daraja la Ruvu, na dereva yeyote wa masafa marefu anayekwenda Tunduma, Kigali au Lubumbashi anaijua kwa mizani yake. Usiku na mchana magari yanapanga foleni kupimwa, utingo wanashuka kunyoosha miguu, akina mama wanauza chai na mahindi ya kuchoma. Kwala, ambayo barabara yake inachepukia hapa Vigwaza, pamejengwa bandari kavu, na reli ya kisasa imepita. Karibu kila mzigo unaoshushwa Dar es Salaam kwenda bara lazima uvuke mto huu.

Na mto wenyewe ndio kiungo cha habari yote. Ruvu unatoka milima ya Uluguru, unateremka taratibu hadi kwenye mabonde yetu ya mpunga, unapinda kuelekea kaskazini mashariki, na kuingia baharini juu kidogo ya Bagamoyo. Wazungu wa karne ya 19 waliuandika kwa jina la Kingani. Masika ukifurika, bonde zima hugeuka ziwa. Kiangazi ukipungua, viboko hujibana kwenye vidimbwi vilivyobaki na wakulima hulinda mashamba yao usiku kucha. Mtu aliyetoka Unguja miaka 150 iliyopita akitaka kwenda maziwa makuu alikuwa na mlango mmoja mzuri kuliko yote, nao ulikuwa bonde hili.

Mlango huo ulitumika kabla Bagamoyo haijawa mji. Kilomita chache kusini mwake kuna Kaole, na ndani ya Kaole kuna magofu ya msikiti wa karne ya 13, mmoja wa mikongwe kabisa katika pwani ya Tanzania bara. Pembeni yake yapo makaburi yenye nguzo za mawe, baadhi zikiwa bado na mashimo yalimopachikwa bakuli za kauri zilizotoka Uchina. Mwanaakiolojia Neville Chittick alipachimba mwaka 1958. Baadaye mikoko ilisonga mbele ya Kaole, mashua zikapata taabu kufika, na uhai wa biashara ukahamia kaskazini, kwenye ufukwe wa mchanga ulio wazi, karibu zaidi na mdomo wa mto. Jambo hilo litajirudia katika historia hii: bandari ikishindwa kupokea chombo, mji unahama au unanyamaza.

Wenyeji wa ufukwe huo mpya walikuwa Washomvi, watu wa pwani, wavuvi na wachemsha chumvi, na nyuma yao walikaa Wazaramo wenye ardhi. Simulizi za pwani zinasema Wakamba walipowavamia Washomvi, waliokwenda kuwaokoa ni Wazaramo chini ya Pazi Kilama, na kwa malipo Washomvi wakakubali kutoa kila mwaka sehemu ya mapato yao. Malipo hayo yaliitwa kanda la Pazi. Ninaitilia maanani habari hii kwa sababu inaonyesha kwamba tangu mwanzo mji wa ufukweni uliishi kwa idhini ya watu wa bara, wala haukuwa mali ya bahari peke yake.

Kisha ikaja pembe. Katikati ya karne ya 19 bei ya pembe za ndovu ilipanda mno Ulaya, Marekani na India, zikitakiwa kwa vifunguo vya piano, mipira ya meza za biliadi, vitana na bangili. Unguja, chini ya masultani wa ukoo wa Busaidi, ikawa ghala la biashara hiyo, na Bagamoyo, iliyoelekeana nayo, ikawa gati lake la bara. Richard Burton na John Speke waliposhuka Kaole mwaka 1857 kutafuta maziwa, hawakuvumbua njia. Waliongozwa kwenye njia iliyokuwa imezoeleka, wakapanda na bonde la Kingani kupitia Uzaramo. Henry Stanley naye, mwaka 1871, alikaa Bagamoyo wiki kadhaa akihangaika kupata wapagazi kabla hajaondoka na watu karibu 200 kumtafuta mmisionari David Livingstone. Yeye alivuka mto karibu na pwani, akaenda Kikoka, Rosako na Msua. Njia haikuwa moja. Zilikuwa nyingi zilizosukwa pamoja, na kila msafara ulichagua kwa kuangalia maji, vita na njaa ya mwaka huo.

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu wapagazi ndio watu ambao historia ya Bagamoyo imewatendea vibaya kuliko wote. Mtalii akipelekwa kwenye jengo la msafara huambiwa habari za minyororo, na huondoka akiamini kwamba kila aliyetembea njia ile alikuwa mtumwa. Watumwa walikuwepo, na nitawafikia. Lakini wengi waliobeba pembe na vitambaa walikuwa watu huru waliokuwa kazini, hasa Wanyamwezi, na baada yao Wasukuma na watu wa pwani wenyewe. Walijadiliana ujira wao. Walidai posho. Kiongozi wa msafara akiwapunja, walitua mizigo chini na kugoma, au walitoweka usiku, na tajiri akabaki na marobota yake porini. Kwa kijana wa Unyamwezi, kwenda pwani na kurudi ilikuwa sehemu ya kuwa mwanamume. Wengine walisafiri na wake zao, ambao walibeba vyungu na chakula na kupika kambini, na bila wao msafara ulikuwa na njaa.

Mzigo wa kawaida ulikaribia frasila mbili, yaani kilo 30 na kitu. Kwenda bara ulikuwa vitambaa, merikani na kaniki, vilivyoviringishwa na kukazwa kwa kamba hadi vikawa vigumu kama gogo. Ulikuwa pia shanga ndani ya mifuko mirefu, au nyaya za shaba na za chuma zilizoning'inizwa pande mbili za mti. Kurudi pwani ulikuwa pembe. Pembe kubwa iliwashinda wengi, na aliyeweza kubeba moja nzito peke yake alivaa njuga ili watu wamsikie akipita. Mbele alitembea kirangozi, yaani kiongozi wa njia, na bendera, pamoja na mpiga ngoma. Waliamka kabla ya jua na kutembea asubuhi, na adhuhuri walipiga kambi. Walipoingia nchi ya mtu walilipa hongo, yaani ushuru wa kupita. Ugogo palikuwa maarufu kwa jambo hilo: maji yalikuwa haba, visima vilikuwa vya Wagogo, na msafara usiolipa haukunywa.

Safari kutoka Unyanyembe, Tabora ya leo, hadi pwani ilichukua miezi. Fikiria basi mtu huyo akiteremka kwenye bonde letu. Amekwisha vuka Ugogo, Usagara na nyika, na sasa upepo unamletea unyevu asioujua kwao. Mbele yake kuna Ruvu. Wenye mitumbwi wanangoja, bei inapigwa, mizigo inavushwa kidogo kidogo huku viboko wakitoa vichwa. Ng'ambo ya pili anafungua kifurushi alichokitunza njia nzima, anavaa nguo yake safi, anajifunga manyoya kichwani. Msafara haukuingia Bagamoyo na vumbi. Uliingia kwa ngoma, bunduki zikifyatuliwa hewani, na mji mzima ukitoka kutazama.

Kutokana na kukutana huko ulizaliwa utani ambao bado upo. Mzaramo na Mnyamwezi wakikutana leo kwenye msiba, mmoja anaweza kumtania mwenzake hadi mgeni akadhani ni ugomvi. Mizizi yake ni misafara: watu wa pwani waliohitaji nguvu za watu wa bara, na watu wa bara waliohitaji kulala, kula na kuzikwa ugenini. Mnyamwezi akifia Bagamoyo, wa kumzika angekuwa nani kama si mtani?

Sasa watumwa. Miongoni mwa bandari za pwani ya kusini, Kilwa ndiyo iliyopitisha wengi zaidi, na Bagamoyo ilikuwa kwanza bandari ya pembe. Kusema hivyo hakupunguzi uchungu wa hata mtu mmoja aliyefikishwa ufukweni pale shingo ikiwa ndani ya panda na kupakiwa jahazini kwenda soko la Unguja, soko lililofungwa mwaka 1873. Wengine hawakuvushwa, walibakishwa kulima minazi na mashamba ya mji wenyewe.

Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868 wakitokea Unguja, chini ya Padri Antoine Horner. Walifungua kijiji cha watu waliokombolewa, na wengi wa wanakijiji wa kwanza walikuwa watoto. Watoto hao walifundishwa useremala, uashi na uhunzi, na mikono yao ndiyo iliyojenga misheni. Mwaka 1871 ilipandwa miembe kandokando ya njia inayotoka baharini hadi misheni, na mingi ingali imesimama, mashina yake yamejaa mafundo na matawi yamekutana juu. Mwaka 1872 kimbunga kikali kilibomoa sehemu kubwa ya walichokuwa wamejenga. Wakaanza upya, na nyumba ya mapadri iliyoanza kujengwa mwaka uliofuata ndiyo inayoonekana leo, yenye roshani pande zote, ghorofa ya tatu ikiwa imeongezwa baadaye. Ukipita chini ya ile miembe wakati wa joto, usiwakumbuke mapadri peke yao. Kumbuka pia watoto waliochota maji ya kumwagilia miche hiyo, ambao hawakujua kwao ni wapi tena.

Februari 1874 ulifika hapo mwili wa David Livingstone. Alikuwa amefariki Mei ya mwaka uliotangulia kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo. Watu wake, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga ndani ya gome la mti na kuubeba hadi pwani kwa miezi mingi. Mnara wa kanisa la zamani, ambako mwili uliwekwa, unaitwa hadi leo mnara wa Livingstone. Kwangu mimi safari ile ni ya wapagazi kuliko ya aliyebebwa. Hakuna aliyewalazimisha. Wangeweza kumzika palepale, wakarudi mikono mitupu, na hakuna ambaye angewalaumu.

Utajiri wa njia uliacha mji wa mawe. Kuta zake ni za matumbawe yaliyochimbwa ufukweni, yakapangwa kwa chokaa iliyochomwa hapohapo, na dari zilibebwa na boriti za mikoko kutoka mdomo wa Ruvu. Pale plasta ilipobanduka, kama ilivyobanduka sehemu nyingi, ukisogea utaona gamba la kombe ndani ya ukuta, na alama ya kiganja cha fundi aliyepiga lipu bila mwiko. Urefu wa boriti za mikoko ndio uliopima upana wa vyumba, ndiyo maana vyumba vya nyumba hizi ni virefu na vyembamba. Milango ina nakshi. Ya Waarabu na ya Wahindi inatofautiana kwa mafundi wanaojua, lakini yote ilitangaza jambo lilelile, kwamba mwenye nyumba ana mali bara.

Mwenye mali kuwashinda wengine alikuwa Sewa Haji Paroo, Mwismailia aliyezaliwa Unguja mwaka 1851 katika familia iliyotoka Kachchh, India. Alianza akiwa kijana mdogo kuwatafutia wasafiri wapagazi na bidhaa, na Stanley alifanya naye biashara mwaka 1871 na kumlalamikia kitabuni mwake. Miaka 20 baadaye karibu kila msafara mkubwa ulipitia mikononi mwake kwa njia moja au nyingine. Kisha akaanza kutoa. Alitoa jumba la ghorofa Bagamoyo liwe shule, na akataka watoto wa kila kabila wakubaliwe. Alitoa fedha za hospitali Dar es Salaam. Alifariki mwaka 1897. Anayelazwa leo Muhimbili katika jengo la Sewahaji analala chini ya jina la mtu aliyepata fedha zake kwa mizigo iliyovuka Ruvu kichwani mwa watu.

Wajerumani walikuja kutaka njia hiyohiyo. Mwaka 1888 Sultani Khalifa aliikodishia kampuni ya Kijerumani ukanda wa pwani, na Agosti mwaka huo maofisa wa kampuni walipopandisha bendera yao na kuanza kutoza, pwani ililipuka. Abushiri bin Salim al-Harthi, mwenye mashamba ya miwa Pangani, akawa kiongozi anayejulikana zaidi, na Bwana Heri akashika Saadani. Septemba vita vilifika Bagamoyo. Manowari za Kijerumani ziliupiga mji kwa mizinga, nyumba zikaungua, na maelfu ya watu wakakimbilia kwenye viwanja vya misheni, ambako pande zote mbili ziliheshimu mpaka. Mwaka uliofuata Hermann Wissmann aliletwa na jeshi la askari wa kukodiwa, wengi wakiwa Wasudani. Mei 1889 alivunja boma la Abushiri lililokuwa nje kidogo ya Bagamoyo. Abushiri alikamatwa baadaye na kunyongwa Pangani Desemba 1889. Vita vile havikuwa vya Waarabu peke yao, kama walivyodai walioshinda. Walipigana Washomvi, Wazaramo, Wazigua na watu wa mashambani, kila mmoja na sababu yake, na aghalabu sababu ilikuwa hii: nani atakula kutokana na njia.

Kwa muda mfupi baada ya hapo Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya koloni. Maboma, forodha, posta na nyumba za maofisa zikaongezwa juu ya mji uliokuwepo. Boma kubwa lenye matao lilikamilika mwaka 1897, na wakati huo heshima ya makao makuu ilikwisha ondoka. Ilihamishiwa Dar es Salaam mwaka 1891. Sababu ilikuwa ya kibaharia. Ufukwe wa Bagamoyo ni wa maji machache, meli kubwa zilitia nanga mbali na mizigo ikaletwa kwa mashua na migongo ya watu, wakati Dar es Salaam ina bandari ya asili iliyofichika na yenye kina.

Bado misafara iliendelea kwa miaka kumi na zaidi. Kilichoikata ni reli. Mwaka 1905 Wajerumani walianza kutandika Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam, wakavuka Ruvu kwenye eneo letu hili, na Desemba 1907 treni ikafika Morogoro. Mwaka 1912 ilifika Tabora, na mwaka 1914 ikafika Kigoma. Mzigo uliokuwa ukitaka mamia ya vichwa na miezi ya njia ukaingia behewa moja kwa siku chache. Mnyamwezi aliyekuwa akija pwani kwa miguu akaanza kupanda gari moshi, au akaenda kukata mkonge Tanga. Bagamoyo haikushindwa vita vyovyote miaka ile. Njia iliteleza kusini kilomita kadhaa, na hiyo ilitosha. Wafanyabiashara walifunga maduka wakafuata reli. Waingereza walipouteka mji Agosti 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, walikuta mji ambao umekwisha anza kulala.

Watu wa Vigwaza tuko upande wa pili wa mizani hiyohiyo, na tunapaswa kulisema wazi. Kelele za malori tunazosikia usiku ndizo zilizoondoka Bagamoyo. Reli, kisha barabara ya lami, kisha bandari kavu, vyote vilipita kwetu. Hata maji ya mto huu yanavutwa Mlandizi na Ruvu Chini kwenda kunyweshwa Dar es Salaam.

Lakini utulivu huo uliihifadhi Bagamoyo. Mji usio na fedha hauvunji nyumba zake. Hakukuwa na tajiri wa kung'oa milango ya nakshi ili aweke maduka ya vioo, kwa hiyo mitaa ya India na ya Kiarabu ilibaki na sura yake, japo ikiporomoka. Nimesoma kuhusu miji ya namna hiyo kwingineko. Battambang, Kamboja, iko kando ya mto Sangker, imejaa nyumba walizoacha Wafaransa, na maendeleo makubwa yalikwenda mji mkuu. Humo, mwaka 1994, vijana waliorudi kutoka kambi ya wakimbizi walianzisha shule ya sanaa, Phare Ponleu Selpak, wakafundisha uchoraji, muziki na sarakasi. Leo shule hiyo ndiyo inayowaleta wageni. Nadhani si bahati. Sanaa inahitaji nafasi, muda na kodi nafuu, na miji iliyoachwa na biashara inavyo vitu hivyo vitatu.

Kwetu jambo hilo lilitokea mapema zaidi. Baada ya uhuru serikali ilianzisha vikundi vya taifa vya ngoma, sarakasi na maigizo. Vijana wa sarakasi walipelekwa China kujifunza miaka ya 1960. Vikundi hivyo vilipovunjwa, walimu na wasanii wake hawakutawanywa wote. Mwaka 1981 Chuo cha Sanaa kilifunguliwa Bagamoyo, na mwaka 2007 kikawa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa. Tamasha lake la kila mwaka lilianza mapema katika miaka ya 1980. Wanaofundishwa hapo wanajifunza ngoma, muziki, maigizo, uchoraji na uchongaji, na vijana kutoka kila kabila wanacheza ngoma za makabila ya wenzao hadi wanazimudu.

Kati ya waliofika hapo alikuwa Hukwe Zawose, Mgogo kutoka Dodoma, aliyeitwa kwenye kikundi cha taifa katika miaka ya 1960 na baadaye akawa mwalimu Bagamoyo. Alipiga zeze na ilimba. Ilimba yake ni sanduku la mbao lenye ndimi nyingi za chuma zilizopangwa kwa safu, na kwenye ubao kuna vitundu vilivyozibwa kwa utando wa buibui, ili kila sauti ivume kidogo kabla haijatulia. Utando ukichanika, mpigaji hutafuta mwingine kutani, anaubandika kwa uangalifu na kuujaribu kwa kidole gumba. Zawose alirekodi na watayarishaji wa Uingereza, akazunguka dunia, na akafariki Desemba 2003. Watoto na wajukuu zake wanaendeleza muziki huo Bagamoyo.

Ninapomfikiria huyo Mgogo akifundisha pwani, ninamrudia mpagazi aliyelala na kiu kwenye visima vya Ugogo akingoja hongo ikubaliwe. Njia ileile iliyobeba pembe ilikuwa ikibeba nyimbo, lakini hakuna aliyezipima kwa frasila. Wakati misafara ilipokufa, ilichukua miaka 70 na zaidi kabla watu wa bara hawajaitwa tena Bagamoyo kwa wingi, safari hii kwa sababu ya wanachokijua na si kwa sababu ya mabega yao.

Yupo mtu mwingine wa sanaa ninayetaka atajwe, wa kalamu. Mtoro bin Mwinyi Bakari alizaliwa Dunda, karibu na Bagamoyo, mwaka 1869 hivi. Kitabu kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1903 kwa jina la Desturi za Wasuaheli, chini ya usimamizi wa Carl Velten, kwa sehemu kubwa ni kazi yake: ngoma, harusi, maziko, ubaharia, utani, mambo yote ya mji ule ulipokuwa bado na misafara. Alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili na akaoa mwanamke Mjerumani. Mwaka 1905 walipojaribu kurudi nyumbani, wakuu wa koloni walimzuia kushuka Dar es Salaam na mke wake. Akarudi Berlin, na huko alifariki mwaka 1927. Kila mwandishi wa pwani, Mzungu na Mwafrika, aliyekuja baada yake amekula kwenye sahani yake. Bagamoyo inamkumbuka kidogo mno.

Anayetaka kufanya safari hii leo akitokea Vigwaza ana njia mbili. Anaweza kurudi Mlandizi akakata kwenda Makofia, akiufuata mto ulivyoshuka. Au aende Chalinze, Msata na Kiwangwa, kwenye mananasi, ateremke hadi mto tena. Njia ya Mlandizi ni fupi na ndiyo ninayoipendekeza, kwa sababu unaingia mjini kutoka bondeni, na jengo la msafara, mahali wapagazi walipoandikishwa na kulazwa enzi ya Wajerumani, unalikuta kabla ya bahari.

Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia ya kati ya watumwa na pembe kwenye orodha ya awali ya Urithi wa Dunia. Vituo vilivyotajwa ni Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Kati ya Bagamoyo na Mamboya hakuna kituo kilichotajwa, na hapo katikati ndipo ulipo mto: vivuko vya Kingani, Kikoka, Msua, makambi ya Uzaramo na Ukwere. Halmashauri za Bagamoyo na Chalinze zinaweza kuanza na kazi isiyohitaji fedha nyingi, ya kwenda na wazee mahali pa kuvukia, kuuliza majina ya kambi na visima, na kuyaandika kabla mashamba na viwanja havijayafunika. Kazi hiyo inataka mtu anayekijua Kikwere na Kizaramo vizuri, na watu wa namna hiyo hapa Vigwaza bado wapo.